Kiangazi Nyasi za Odette Zilipokataa Kukauka

Jumapili, 2 Juni

Mvua ya mwisho ilinyesha juma la Pasaka, na hata hiyo ilikuwa ya kulowanisha kofia tu. Leo baada ya ibada nimesimama kisimani na ndoo nikasubiri mpaka mguu ukafa ganzi. Maji yanatoka mdomoni mwa jiwe yakiwa membamba kuliko kidole changu cha mwisho. Mzee Percy Wragg, ambaye ndiye mkuu wa kisima hapa Rakeside tangu baba yake alipofariki, alikuwa ameketi ukutani akiyatazama kama mtu aliyekwenda kumjulia hali mgonjwa.

"Yamewahi kupungua hivi?" nikamuuliza.

"Yamewahi kupungua," akasema. "Hivi, hapana."

Mji wa Wenbeck uko hapo chini, unauona mpaka saa ya kituo cha treni, lakini mabomba yake yanaishia kwenye baa iliyo chini ya mlima. Sisi wa nyumba tisa za huku juu tunakunywa chemchemi. Inatoka juu ya nyumba zetu, inapita hodhi la mawe, kisha inateremka kwa bomba mpaka jikoni kwa kila mtu. Sasa bomba la jikoni linakohoa zaidi kuliko linavyotoa maji, ndiyo maana ya ndoo.

Binti yangu Lorna alipanda na gari mchana, akaleta keki na karatasi. Keki ilikuwa nzuri. Karatasi ilikuwa ya nyumba ya wazee huko mjini, ya chini, isiyo na ngazi, karibu na daktari. Wanataka jibu kabla ya sikukuu ya Malaika Mikaeli, mwishoni mwa Septemba.

"Mama, baba ana magoti ya kubeba ndoo?"

"Muulize mwenyewe magoti yake."

Clifford akajitia kusoma gazeti. Mume wangu akijitia kusoma gazeti ujue ameshakubaliana na mtu mwingine. Mimi nimezaliwa nyumba ya tatu, nikaolewa nyumba ya tano. Safari yangu yote ya maisha ni kuvuka kiwanja kimoja, na sijaona hasara. Sihami.

Alhamisi, 6 Juni

Joto. Nimefua mashati tu, mashuka yatasubiri.

Jumanne, 11 Juni

Lazima niandike kuhusu yule mwanamke wa nyumba ya chini kabisa, ile aliyokuwa akikaa marehemu Heathcote. Alihamia mwezi wa tatu kutoka Birmingham. Anaitwa Odette Pinnock. Wazazi wake walitoka Jamaika, yeye ameendesha basi mpaka akastaafu, na akicheka tunamsikia kote mlimani. Ana bata bukini wanne ambao tarishi anawaogopa kuliko mbwa wote wa Rakeside.

Sina neno naye. Ninachosema ni kwamba mlima mzima umegeuka rangi ya mkate uliobabuka, kondoo wanalamba vumbi, na nyasi za Odette Pinnock ni za kijani. Kijani kibichi, na maharage yake yanapanda vijiti kwa fujo. Nimekuwa mpishi wa shule ya msingi miaka mingi. Mtoto aliyeiba sukari namjua bila kumwangalia mdomo.

Ijumaa, 21 Juni

Mkutano wa kupamba kisima, kanisani. Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza ya Agosti, tunasimamisha mbao kubwa zilizopakwa udongo wa mfinyanzi, na juu ya udongo tunabandika picha nzima kwa petali za maua, mbegu na majani, kuishukuru chemchemi. Rakeside haijawahi kuruka mwaka, hata wakati wa vita.

Wapo waliosema mwaka huu tuache. Unaushukuru mdomo usiotoa kitu? Mzee Percy akasimama, akashika kiti cha mbele yake.

"Mtu hupelekewa maua akiwa mgonjwa," akasema. "Au mnataka tumsubiri afe?"

Tukakubaliana tupambe. Picha ya mwaka huu kaichagua mwenyewe, Musa anapiga mwamba. Ndipo Odette akainua mkono kule nyuma.

"Mimi sijui kitu katika mambo haya, lakini nina mikono miwili na sina kazi."

"Na maji unayo," nikasema. Lilinitoka tu. Watu wote wakageuka.

"Maji gani, Bi Gratton?"

"Nyasi zako zinajua."

Alinitazama kwa utulivu, kama alivyokuwa akimtazama abiria asiye na tiketi, nadhani. "Nyasi zangu sijazifundisha kusema," akajibu. "Zinaota tu."

Watu wakacheka, na si kwa upande wangu. Nimerudi nyumbani nimevimba. Clifford ananiambia hasira hasara. Nimemwambia akale hiyo methali yake, chakula cha jioni hakuna.

Jumapili, 30 Juni

Bomba la jikoni limekata kabisa. Halmashauri imetuletea lori la maji, linasimama kwenye kona ya kanisa asubuhi. Chai ya maji ya lori ina ladha ya mpira.

Jumapili, 7 Julai

Nimekwenda kwa Odette. Sikutuma mtu, nimekwenda mwenyewe, kwa miguu yangu na kofia yangu ya kanisani. Bata wakanipokea langoni kwa matusi. Yeye alikuwa amepiga magoti kwenye maharage.

"Karibu, jirani."

"Sijaja kukaa. Nataka kujua umetoboa bomba letu wapi."

Akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali. Hakupandisha sauti. Alinipeleka jikoni akafungua bomba lake, likakohoa hewa tupu kama langu. Akanionyesha ndoo zake mbili za maji ya lori, moja ya kupikia, moja ya kuogea.

"Ningekuwa naiba maji, Bi Gratton, ningenuka hivi?"

"Na hizo nyasi?"

"Nilidhani wewe mwenyeji ndiye ungeniambia. Mimi mtu wa lami. Naona majani ya kijani, nashukuru Mungu."

Nikatoka kwa kukatiza kwenye nyasi zake, makusudi. Nilipofika nyumbani kiatu changu cha kulia kilikuwa kimelowa. Saa nane mchana, katika jua hili. Nikamwonyesha Clifford.

"Unaona? Anamwagilia."

"Naona kiatu," akasema.

Jumamosi, 13 Julai

Leo tumegombana, mimi na Clifford, ugomvi wa kweli. Aliteleza na ndoo pale kwenye ngazi za kanisa. Hakuumia sana, lakini alikaa chini kwenye vumbi, maji yote yamemmwagikia, na watu wanamwangalia. Alipofika nyumbani hakuvua hata viatu.

"Muriel, mimi nimechoka."

"Lala."

"Si uchovu wa kulala. Nimekata mawe machimboni miaka arobaini, magoti nimeyaacha huko. Nataka nifungue bomba, maji yatoke. Basi. Ni mengi hayo?"

Alikuwa amekaa na suruali mbichi, mikono imelala mapajani, mwanamume ambaye sijawahi kumsikia akilalamika ila kwa ajili ya mpira na chumvi. Nikaona aibu, kisha nikalia, kisha nikamkasirikia kwa kuniliza.

Tumekubaliana hivi: maji yakirudi kabla ya Mikaeli, tunabaki. Yasiporudi, tunamwambia Lorna ndiyo. Nimempa mkono kabisa, kama watu wanaouziana ng'ombe. Bomba la mji, wanasema, huenda likafika huku baada ya miaka miwili, na neno "huenda" nalijua vizuri.

Jumatatu, 15 Julai

Mawingu asubuhi. Yamepita yakaenda kunyesha kwa wengine.

Jumamosi, 20 Julai

Siku ya kukanyaga udongo. Tumeuchimba kwenye shimo letu la zamani, tukautia chumvi usikauke haraka, tukaumwagia maji ya lori, tukavua viatu. Mzee Percy anasimama pembeni na fimbo yake, anaonja udongo kwa vidole kama mimi ninavyoonja unga wa pai. Odette alikuja. Akakunja suruali akaingia katikati yetu bila kuulizwa.

"Taratibu, mama," Percy akamwambia. "Hukanyagi breki."

"Mzee, breki ndiyo kitu pekee ninachojua kukanyaga."

Percy akacheka. Mtu huyu sijamwona akicheka tangu amzike mkewe. Nilikaza uso wangu, nikaendelea kukanyaga upande wa pili.

Jumatatu, 29 Julai

Maua hakuna. Hili ndilo jambo ambalo hatukulifikiri. Mbao tumezilowesha mtoni, udongo umepakwa laini, mistari ya picha ya Musa imetobolewa tayari juu ya udongo, na hakuna maua. Bustani zote zimekufa. Kwangu kuna waridi moja limekunja uso kama mimi. Tumeokota magome ya miti, ngano, mbegu nyeusi, sufu ya kondoo ya ndevu za Musa. Lakini picha yetu nusu yake ni maji yanayobubujika, na maji yanataka petali za buluu na nyeupe, ndoo kwa ndoo.

Sote tulijua buluu iko wapi. Iko kwa Odette, ukuta mzima wa maua. Watu wakanitazama mimi.

"Aliyemtukana ndiye akamwombe," akasema Percy. "Ndiyo desturi."

Hakuna desturi kama hiyo, kaitunga palepale. Lakini nikaenda. Nilimkuta anawalisha bata. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yakapotea.

"Tunahitaji maua yako," nikasema.

"Mangapi?"

"Yote."

Akaangalia ukuta wake. Aliyapanda mwenyewe, na kila jioni nilikuwa namwona amesimama mbele yake na kikombe cha chai.

"Haya," akasema. "Ngoja nilete mkasi. Wewe una miaka mingapi, Bi Gratton?"

"Sabini na moja. Kwa nini?"

"Nilitaka tu kujua mtu anachukua muda gani kujifunza kuomba." Akacheka kicheko chake kile. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka pia, nilishindwa kujizuia.

Ijumaa, 2 Agosti

Siku tatu tumebandika petali, kanisani, kichwa kwa kichwa. Tunaanza chini kwenda juu, kila petali inalalia mkia wa mwenzake kama vigae vya paa. Odette akauliza kwa nini.

"Mvua ikinyesha iteleze," nikamwambia.

"Mvua ipi?"

Meza nzima iliangua kicheko, hata kasisi. Ana mkono mwepesi huyu mama. Mgongo wangu umekwisha.

Jumamosi, 3 Agosti

Tumesimamisha mbao juu ya kisima asubuhi. Musa amependeza, ana ndevu za sufu na jicho kali la mbegu, na maji ya Odette yanamwagika kutoka mwambani mpaka chini. Kasisi Philippa akasoma, watu wa Wenbeck wakapanda kutazama, bendi ya mji ikapiga. Lorna alikuja na mumewe. Wakati wa kubariki kisima, kasisi aliinama kuchota maji kwa kiganja kama kila mwaka. Kiganja kikarudi kikavu. Akaendelea na sala.

Nilikuwa nimeshika mkono wa Clifford. Alinibana vidole. Nilijua anawaza nini, na yeye alijua ninachowaza.

Jumapili, 11 Agosti

Nimerudi sasa hivi, mikono ina udongo bado, lakini niandike kabla sijasahau jinsi ilivyokuwa.

Leo ni siku ya kuvunja picha. Petali zikikauka tunazifagia, udongo tunaukwangua kwenye ndoo. Sasa udongo uliobeba picha ya kisima hautupwi hovyo, wala haurudi shimoni. Unarudishwa kwa mwenyewe. Tunaubeba mpaka nyuma ya jiwe la kisima, tunaumwaga pale kwenye tuta, tunaushindilia kwa miguu usije ukaporomoka. Babu yake Percy alifanya hivyo, na baba yake Percy, na kila mtu ninayemkumbuka. Tuta lenyewe limeota nyasi, watoto wanateleza juu yake theluji ikianguka.

Tulikuwa watatu pale nyuma, mimi, Percy na Odette. Odette akamwaga ndoo yake akauliza, kwa heshima kabisa, "Huu mnauweka hapa kila mwaka, mzee?"

"Kila mwaka."

Nilikuwa nashindilia kwa kisigino. Nikatazama chini, nikaona viatu vya Odette. Vilikuwa na matope. Si udongo wetu wa mfinyanzi wa kijivu, matope meusi, mabichi, mpaka kwenye kifundo. Katika Rakeside yote sasa huwezi kupata matope hata ukilipia.

"Odette, matope hayo umeyatoa wapi?"

"Kwangu. Kona ya chini, pembeni ya ukuta. Huwa kuna majimaji pale, yamezidi tangu masika. Nilidhani ndivyo mlima ulivyo."

Nikasimama na mguu mmoja hewani. Nimepika pai maisha yangu yote. Ukiuziba mfuniko wa pai pande zote kwa unga, ukasahau kuuachia tundu, mchuzi hautulii humo ndani. Utatafuta ubavu dhaifu utokee hapo, nao utakuchafulia oveni. Na sisi tulikuwa tunaziba. Ukoo mzima wa watu wenye adabu zao, kila Agosti, tukishindilia udongo bora usiopitisha tone mahali palepale maji yanapotokea, huku tukiishukuru chemchemi.

"Percy," nikasema, "tumeiziba wenyewe."

Hakuelewa mwanzoni. Nikamweleza. Nilipomaliza uso wake ulikuwa mweupe.

"Mke wangu amekanyaga udongo huu," akasema. "Mama yangu pia. Humu ndani kuna miguu yao. Hakuna atakayetia koleo hapa nikiwa hai." Akachukua fimbo yake akaondoka.

Nikabaki na Odette. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi kiangazi kizima nilikuwa nakitafuta kwenye nguo za mwenzangu.

"Nilikuita mwizi," nikamwambia. "Nisamehe. Nimekosa, na nilikosa mbele za watu, nitalisema mbele za watu."

"Sawa," akasema. Akaokota ndoo yake tupu. "Nilikuwa nimeanza kutafuta mtu wa kuninunulia nyumba, unajua. Julai ile." Hakucheka.

Hilo limenichoma kuliko yote. Niliandika humu kwamba sihami, na palepale nilikuwa namhamisha mtu.

Jumanne, 13 Agosti

Odette kachimba kishimo kwenye ile kona yake. Kabla hatujamaliza chai kilikuwa kimejaa. Clifford akaenda kuangalia, akasema maji ni mazuri, lakini pako chini ya nyumba zote, na maji hayapandi mlima kwa kuombwa. Ni lazima kufungua juu.

Nikachuja glasi moja kwa kitambaa safi, nikampelekea Percy. Alikuwa amekaa jikoni gizani, mapazia yamefungwa.

"Kunywa."

"Sina kiu."

"Percy Wragg, kunywa."

Akanusa kwanza. Akapiga funda, akafumba macho, akayashika mdomoni kwa muda kabla ya kumeza. Yana ladha ya jiwe na chuma kidogo, maji yetu, mgeni huwa anakunja uso.

"Umeyatoa wapi?"

"Unayajua?"

"Nimeyanywa miaka themanini, unaniuliza kama nayajua?"

"Yanatoka kwa Odette. Kona ya chini."

Akamaliza glasi nzima, akaiweka mezani taratibu sana. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta.

"Basi tumemziba mdomo," akasema. "Sisi wenyewe, kwa heshima zote."

Nikamshika bega. Kisha akaniuliza sururu la Clifford liko wapi.

Jumamosi, 17 Agosti

Percy kapiga koleo la kwanza. Watu walikuja kumi na zaidi. Kabla ya kuanza nilisimama nikasema mbele yao wote nilivyomkosea Odette, neno kwa neno. Ulikuwa ulimi mzito kuliko sururu. Udongo wa juu ni laini. Tunaubeba kwa toroli kuurudisha shimoni ulikotoka.

Jumapili, 25 Agosti

Udongo wa ndani ni mgumu kama tofali. Ukipasua bonge unakuta alama za petali, maua ya kiangazi ambacho mimi nilikuwa sijazaliwa. Percy anayatazama moja moja kabla hayajatiwa kwenye toroli.

Jumatano, 4 Septemba

Mavuno yameanza, watu wameitwa mashambani. Percy mgongo umemkamata, daktari kamlaza. Tumebaki mimi na Odette, na Clifford kwenye kigoda anatupa maelekezo.

"Chimba kushoto."

"Njoo uchimbe kushoto wewe."

Jumamosi, 14 Septemba

Kavu. Kavu kabisa. Nimechimba leo mpaka koleo likagonga mwamba wenyewe, nikaweka kiganja, jiwe ni la moto kwa jua. Hakuna kitu.

Tulipokaa kupumzika, nilimuuliza Odette kitu ambacho nilipaswa kukiuliza mapema. "Tukifungua hapa, kwako kutakuwaje?"

"Patakauka," akasema, kama mtu anayekuambia saa. "Nyasi, maharage, maua, vyote. Nimelijua tangu siku ile ya matope."

"Na bado unachimba."

"Muriel, nimeendesha basi. Huwezi kukaa na gari tupu la kijani huku watu wamesimama kituoni." Ni mara ya kwanza kuniita Muriel. Akanipa mkate wake na jibini. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, lakini sikufikiri uponyaji wenyewe ungekuja na sururu.

Jumapili, 22 Septemba

Imebaki wiki moja. Nimemwona Clifford akipanga vyombo vyake vya kazi kwenye sanduku. Nimepika viazi, nikavisahau jikoni vikaungua.

Sijawahi kuogopa hivi. Si mji ninaouogopa, mji ni watu tu. Naogopa kuamka asubuhi nikafungua dirisha nisijue niko upande gani.

Jumanne, 24 Septemba

Leo Clifford kainuka kwenye kigoda, akaweka gunia chini, akapiga magoti juu yake, akanipokonya patasi mkononi.

"Hayo magoti yametoka wapi?" nikamuuliza.

"Ya kubeba ndoo ndiyo sina. Ya kukata jiwe bado yapo." Akapitisha vidole kwenye mwamba polepole, na uso wake ulikuwa ule nilioolewa nao. "Mnachimba kama mnapanda viazi. Ufa uko hapa. Umejazwa udongo mpaka ndani. Huu hauchimbwi, unakwanguliwa."

Alikwangua mpaka jua likashuka. Odette alimshikia mwavuli wa kivuli. Niliwatazama wale wawili, roho ikanitulia kidogo, ingawa jiwe lilikuwa bado kavu.

Alhamisi, 26 Septemba

Yametoka.

Kwanza jiwe liligeuka rangi. Clifford akasema, "Tulieni." Kisha doa likawa tone, tone likakaa pale kwenye ufa kama linafikiri, likadondoka. La pili halikufikiri. Clifford akaingiza patasi mara moja tu, akaizungusha, kipande cha udongo kirefu kikachomoka kama kizibo, na maji yakampiga kifuani. Yalikuwa mekundu ya kutu, kisha meupe, kisha safi. Akabaki amepiga magoti, amelowa shati lote, anacheka na kulia kwa pamoja.

Odette alipiga yowe ambalo nadhani Wenbeck nzima walilisikia. Nikamkumbatia, udongo kwa udongo. Wale wa mashambani wakaja mbio. Percy alibebwa kwenye kiti mpaka pale, akaweka mkono wake kwenye maji, hakuutoa mpaka ukawa wa buluu kwa baridi. Mvua haijanyesha hata tone.

Jumapili, 29 Septemba. Mikaeli

Lorna alikuja na karatasi na kalamu. Clifford akampokea mlangoni, akampeleka jikoni, akafungua bomba. Akamjazia glasi.

"Kunywa kwanza."

Akanywa. Ameyanywa akiwa tumboni mwangu huyu mtoto. Akaiangalia glasi, akamwangalia baba yake, ambaye alikuwa amesimama wima kama mtu wa kupigwa picha.

"Baba, hii si habari ya maji tu. Ni magoti, ni ngazi, ni barafu ya Januari."

"Najua," Clifford akasema. "Siku moja tutakuja, nitakuambia mwenyewe. Mwaka huu hapana. Mwaka huu nina kazi ya kisima, Percy kaniachia."

Hilo sikuwa nalijua. Nikageukia jiko wasione uso wangu. Lorna akakunja karatasi, akasema basi atawaambia wampe mtu mwingine, na akaomba glasi ya pili.

Walipoondoka nikajaza ndoo mbili nikateremka. Nyasi za Odette zimeanza kuwa njano kama za kila mtu, na kile kishimo cha kona kimebaki ufa mkavu. Bomba lake la jikoni linatoa maji, lakini ya kumwagilia shamba zima hapana, tumekubaliana wote kuyabana mpaka mvua ije. Yeye alikuwa amekaa kizingitini na chai yake.

"Ziache, Muriel," akasema. "Zitakauka tu kama zenu."

"Zikikauka za kwetu, ni ukame," nikamwambia. "Zikikauka za kwako, ni sisi."

Clifford alikuwa nyuma yangu anateremka polepole na ndoo moja, nusu, na nyuma yake niliona majirani zetu akina Froggatt na ndoo zao. Odette akaweka kikombe chini. Bata wakatupisha. Nikamwagilia safu ya kwanza ya maharage mpaka mwisho, nikapanda kujaza tena.